Fedha ya Shughuli ni Amana

Chumbageni, Tanga

Mwanangu mpendwa,

Mgongo wa baba yako umepata nafuu, na mwembe wa uani umeanza kuzaa. Hofu yetu ni kwako tu uliye mbali huko Dar es Salaam.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kwa furaha, nikamwita ndugu yangu, baba yako, naye asikie: umeacha ajira, umefungua ofisi yako mwenyewe ya kuratibu shughuli, na tayari una kazi mbili mkononi, harusi ya watu mia nne mwezi wa kumi na tamasha la muziki la mwisho wa mwaka. Mara ya pili niliisoma taratibu, nikafika pale ulipoandika kwamba bwana harusi amekutumia kianzio cha milioni nane, nawe ukatoa milioni tatu ukanunua viti na vitambaa vya ofisi, kwa kuwa kazi yenyewe ni mpaka mwezi wa kumi. Niliirudia mara ya tatu, kisha nikachukua kalamu.

Unajua kwamba nimekuwa karani wa hesabu miaka thelathini na moja, na nje ya ofisi nimeshika hazina ya kamati za harusi, maulidi, mahafali na misiba hapa mjini. Madaftari ya kamati zote hizo ninayo kwenye sanduku la bati. Yote nitakayokuandikia leo yanarudi kwenye neno moja: fedha ya shughuli ni amana. Shilingi unayopokea kabla ya siku yenyewe si yako. Ni ya mwenye harusi, ya mpishi, ya mwenye ukumbi, ya kijana aliyenunua tiketi. Wewe umeshikishwa tu. Yako ni ile itakayobaki viti vikishakusanywa na kila mtu akishalipwa. Na ikiwa fedha za watu ni amana, basi roho zao watakapoingia mlangoni mwako ni amana iliyo kubwa zaidi.

Kwanza, basi, fedha. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nimeyaona hayo kwa macho. Fungua akaunti ya benki kwa jina la biashara, uwe na lipa namba ya biashara, na usipokee hata senti ya mteja kwenye namba yako ya kununulia mboga. Kila shughuli iwe na kurasa zake: kilichoingia, kilichotoka, nani amelipwa, nani bado, risiti iko wapi. Mshahara wako uandike kwenye bajeti kama gharama nyingine yoyote, na ujilipe kwa awamu mlizokubaliana na mteja. Mtu asiyejiandikia mshahara ndiye anayeanza kudokoa kwenye kianzio, naye mwenyewe hajui amedokoa kiasi gani.

Ukifanya kazi na kamati ya harusi, chora safu mbili zisizochanganyika: ahadi na taslimu. Ahadi ni deni, ndiyo, lakini hakuna duka la mchele linalopokea ahadi. Kuna harusi moja ambayo sitaisahau. Ahadi zilikuwa milioni kumi na mbili, na mwenyekiti akatushauri tuagize kwa hesabu hiyo, maana wachangiaji walikuwa watu wazito. Hadi asubuhi ya harusi zilikuwa zimeingia milioni saba na laki nane. Saa mbili usiku niliitwa nyuma ya ukumbi. Sufuria za pilau zilikuwa juu ya mafiga, makaa yamewekwa juu ya mifuniko, na mpishi ameketi kwenye kigoda mbele yake, upawa mapajani. Akaniambia kwa upole kabisa, "Mama, nimekopa nyama, nimekopa mchele. Bila fedha yangu mifuniko hii haifunguki." Ndani, MC alikuwa anawatangazia wageni kwamba chakula kiko tayari.

Aliyetuokoa ni dada yake bwana harusi. Alitoka nje, akapiga simu, akatuma fedha aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya ada ya mwanawe. Wageni walikula, wakacheza, hawakujua lolote. Kwenye daftari la harusi ile kuna majina tisa ya watu walioahidi, wakaja, wakala, na mpaka leo hawajalipa. Tangu siku hiyo sikuagiza tena kitu kwa ahadi. Weka tarehe ya mwisho ya michango, wiki tatu au nne kabla. Siku hiyo hesabu taslimu iliyopo, na bajeti ipunguzwe ilingane nayo: mapambo yapungue, aina za chakula zipungue, kadi zipungue. Kamati italalamika. Afadhali walalamike kwenye kikao kuliko wenye harusi waaibike usiku wao.

Katika bajeti hiyo tenga asilimia kumi ya dharura, isiguswe na mtu. Jenereta litaisha mafuta, watu watazidi, mvua itadai maturubai. Vinywaji chukua kwa muuzaji anayekubali kurudishiwa kreti ambazo hazikufunguliwa, na makubaliano hayo yaandikwe kwenye ankara. Weka mtu mmoja wa kuhesabu kreti zinapoingia na zinapotoka, chupa tupu kwa chupa tupu, maana hapo ndipo fedha nyingi za harusi hupotelea bila kuonekana.

Tamasha lina hesabu ya namna nyingine, kwa sababu hapo hakuna kamati ya kukubeba. Chukua mfano. Uwanja, jukwaa, muziki, wasanii, ulinzi na vibali vikigharimu milioni ishirini na nne, uje mtu mmoja au waje elfu mbili, gharama hiyo iko palepale. Tiketi ni shilingi elfu kumi na tano, na kila anayeingia anakugharimu elfu tatu za bangili ya kuingilia, maji na usafi. Kila tiketi inakuachia elfu kumi na mbili. Gawanya: unahitaji watu elfu mbili ili urudi nyumbani mikono mitupu lakini bila deni. Sasa jiulize, mvua ikinyesha wakaja elfu moja, zile milioni kumi na mbili zilizopungua atalipa nani? Kama jibu ni shamba la baba yako, punguza jukwaa leo. Tiketi nazo zipewe namba mfululizo, vishina vihesabiwe getini, na usiku uleule vilinganishwe na fedha iliyoingia.

Wala usione aibu kusema mapema kwamba fedha haikutosha. Sauti za Busara, tamasha la Zanzibar lililoanza mwaka 2004 na linalojulikana dunia nzima, halikufanyika mwaka 2016 kwa kukosa fedha. Waandaaji walitangaza mapema, wakajipanga, na mwaka 2017 likarudi. Kuahirisha kwa heshima kulililindia jina kuliko ambavyo kulazimisha kungeweza.

Kuhusu kodi nitakuwa mfupi, maana utakwenda Mamlaka ya Mapato, TRA, mwenyewe na mshauri wako wa kodi. Ukishasajiliwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ile kodi unayomtoza mteja ni ya serikali tangu dakika uliyoipokea. Nayo ni amana. Ukifanyia kazi kampuni, itakukata asilimia 5 ya kodi ya zuio kwenye malipo ya huduma. Dai cheti cha zuio palepale na ukitunze, maana ndicho kitakachokupunguzia kodi ya mwaka. Toa risiti ya mashine ya EFD, na udai risiti kwa wote unaowalipa. Jambo jingine: jina la biashara ulilosajili kwa wakala wa usajili, BRELA, si kampuni. Ukidaiwa kwa jina hilo unadaiwa wewe, pamoja na pikipiki yako na kiwanja chako. Kampuni ya dhima yenye ukomo husimama mbele ya sheria kama mtu mwingine. Kabla ya tamasha, mwulize wakili ipi inakufaa.

Pili ni maandishi. Wateja wako wengi ni marafiki, jamaa na majirani, na utaona haya kumwekea karatasi mtu mliyekua naye. Haya hiyo ivue mapema. Makubaliano ya mdomo nayo huweza kuwa mkataba. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haikusema kila mkataba lazima uwe wa karatasi. Taabu huja siku ya ubishi, wewe unakumbuka hili, yeye anakumbuka lile, na hakimu hakuwepo mlipokuwa mnakunywa chai. Niliwahi kushuhudia harusi mbili zikikutana kwenye mlango wa ukumbi mmoja jioni moja, kila upande una risiti. Risiti ya wenzetu ilisema "malipo ya ukumbi" na kiasi, basi. Yetu ilikuwa na tarehe ya shughuli na saa, kwa mwandiko wa mwenye ukumbi mwenyewe. Tuliingia sisi. Wenzetu walikwenda kukaa chini ya miti na bibi harusi wao ndani ya gari.

Kwa hiyo andika. Nani anamfanyia nani nini, siku gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, mahali gani, kwa bei gani, inalipwa kwa awamu zipi. Idadi ya wageni itafungwa lini, na wakizidi kila kichwa ni kiasi gani. Nani anatafuta vibali. Nani analipa kiti kikivunjika. Ukumbi ukipitiliza muda nani anatozwa. Msanii akichelewa saa mbili inakuwaje, asipotokea kabisa inakuwaje, na advansi yake inarudi kwa siku ngapi. Mliyozungumza kwenye WhatsApp usiyafute, maana Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokelewa kama ushahidi. Lakini mkishaelewana yahamishieni kwenye karatasi, mtie saini wote, kila mmoja abaki na nakala.

Kifungu utakachokiandika kwa makini kuliko vyote ni cha kuahirisha na kughairi. Watu wakifikiria kuvurugika kwa shughuli hufikiria mvua. Kumbuka Machi 2020. Tarehe 16 alitangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, na kesho yake serikali ikasimamisha mikusanyiko. Kadi zilikuwa zimeshagawiwa, keki zimeshaagizwa. Mwaka mmoja baadaye, Machi 2021, Rais John Magufuli akafariki na taifa likaingia kwenye maombolezo ya siku ishirini na moja. Burudani zilizopangwa wiki zile zilisimama. Hakuna muandaaji aliyekosea, na hakuna mteja aliyekosea, lakini fedha zilikuwa zimeshatoka mikononi.

Sheria ilishayafikiria haya. Kifungu cha 56 cha Sheria ya Mikataba kinasema jambo mlilokubaliana likishindikana, au likawa kinyume cha sheria baada ya kufunga mkataba, mkataba huo unakuwa batili. Kifungu cha 65 kinaendelea pale: aliyekwisha kupokea faida chini ya mkataba uliobatilika anapaswa kuirudisha, au amfidie aliyempa. Umesikia, mwanangu? Anapaswa kuirudisha. Sasa zitazame tena milioni tatu za viti na vitambaa. Serikali ikizuia mikusanyiko wiki ijayo, bwana harusi akaja mlangoni kwako, utamrudishia viti?

Waandaaji wengi hudhani wamejikinga kwa kuandika "kianzio hakirudishwi." Neno hilo peke yake lisikulaze usingizi. Aliyevunja mkataba hulipa hasara iliyotokana na kuuvunja, na hata mkitaja kiasi cha fidia ndani ya mkataba, kifungu cha 74 kinaiachia mahakama kutoa fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kwa hiyo andika ngazi zinazoeleweka na kila mtu: mteja akighairi miezi mitatu kabla, unabakiza gharama ulizokwisha kuingia kwa risiti, akighairi mwezi mmoja kabla, unaongeza sehemu fulani ya ujira wako, likitokea jambo lililo nje ya uwezo wa nyote, mnatafuta kwanza tarehe nyingine, na isipopatikana mnagawana gharama zilizokwisha kutumika. Na wewe ukighairi, utarudisha nini na kwa siku ngapi. Kifungu hicho cha mwisho waandaaji wengi hukiacha. Wewe kiweke, na mteja atakuamini kwa hicho kuliko kwa picha za mapambo.

Tatu ni watu wenyewe. Hapa nakuomba usome polepole.

Tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Iddi, watoto walijaa kwenye ukumbi wa disko mjini Tabora. Walizidi uwezo wa ukumbi, hewa ikawaishia, na watoto wapatao ishirini wakafa. Walikuwa wamevaa nguo mpya za sikukuu. Tarehe 1 Februari 2020, kwenye uwanja wa Majengo mjini Moshi, waumini walisukumana kwenda kukanyaga mafuta ya upako na watu ishirini wakapoteza maisha. Tarehe 21 Machi 2021, kwenye Uwanja wa Uhuru hapo Dar es Salaam, watu waliokwenda kumuaga Rais Magufuli walibanana. Polisi walitaja vifo arobaini na tano. Usiku wa kuamkia mwaka 2023, kwenye jengo la maduka la Freedom City mjini Kampala, watu waliokimbilia kutazama fataki walikanyagana kwenye ujia mwembamba, na wasiopungua tisa hawakurudi nyumbani. Disko, ibada, msiba, fataki. Shughuli ni tofauti kabisa, na kilichoua ni kilekile: watu wengi mno wakielekea mahali pamoja, na nafasi ya kupita ni ndogo.

Nikupe na kisa ambacho hakikuingia gazetini. Tulikuwa na mahafali ya watoto wa shule kwenye ukumbi mmoja. Nilifika mapema kuhesabu viti, nikazunguka nyuma, nikaukuta mlango wa dharura umefungwa kwa mnyororo mnene na kufuli. Mlinzi akanieleza kwamba ni kwa ajili ya wazamiaji, wasije wakaingia bila kadi. Nikauliza ufunguo. Uko kwa msimamizi, naye amekwenda Muheza mpaka kesho. Wazazi walikuwa wameanza kufika na watoto wamevaa majoho. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango mkuu, nikasema hakuna mtoto anayeingia. Wapo waliokasirika. Ilichukua dakika arobaini kumpata fundi mwenye msumeno wa chuma, akaukata mnyororo. Usiku ule hakuna kilichotokea; watoto walipokea vyeti, wakapiga picha, wakaenda kulala. Kipande cha mnyororo kimo ndani ya sanduku la bati pamoja na madaftari.

Kwa hiyo, ukienda kukagua ukumbi, acha wengine watazame taa na dari. Wewe hesabu milango. Uliza kwa maandishi ukumbi unachukua watu wangapi, na usiuze tiketi wala kugawa kadi kupita hapo hata mteja akikuahidi nini. Jaribu kila mlango kwa mkono wako, uone kama unafunguka kwa nje, na kama nje yake hapajapangwa kreti au kuegeshwa gari. Weka mtu kila mlango, mwenye jina na simu, asiyeruhusiwa kuondoka. Wanaoingia na wanaotoka wasigombanie njia moja. Kamwe usigawe zawadi wala fulana kwa kurusha kwenye umati. Nyaya za jenereta zisipite walipo watoto. Namba ya Zimamoto, 114, iwe kwenye karatasi ya kila msimamizi, na uwe umekwisha kujua hospitali ya karibu ni ipi na gari la kupeleka mgonjwa ni lipi. Halafu chagua mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuzima muziki. Mwandike jina, mwambie MC na DJ kwamba akisema zima, wanazima bila kuuliza. Kwenye msongamano hakuna muda wa kumtafuta mwenyekiti wa kamati.

Vibali viko kwa ajili hiyohiyo, usivione kama usumbufu. Kwa tamasha anza mapema na Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na Afisa Utamaduni wa halmashauri, nenda polisi uwape idadi ya kweli ya watu unaowatarajia, na waalike Zimamoto wakague kabla hujajenga jukwaa. Ukipunguza idadi kwenye fomu ili upite haraka, utapewa askari wachache kuliko unaowahitaji, na likitokea jambo, fomu ile itasomwa mbele yako. Uzembe ukisababisha kifo haubaki kuwa deni la fedha. Huwa ni jinai. Muziki utakaopigwa nao una wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inawalinda. Uliza ofisi ya hakimiliki, COSOTA, utaratibu wa leseni ya kupiga muziki hadharani, ulipie, uweke risiti. Na majirani wa uwanja waarifiwe mapema saa ya kuanza na ya kumaliza, kisha saa ya kumaliza iheshimiwe.

Lipo na jambo la bima, ambalo wengi kwetu bado huliona ni la matajiri. Tahadhari kabla ya hatari. Tafuta kampuni au wakala aliyesajiliwa na mamlaka ya bima, TIRA, umwulize bima ya dhima kwa umma, ile inayolipa mgeni akiumia kwenye shughuli yako, na bima ya kughairiwa kwa tukio. Soma kurasa za mwisho, zile zenye orodha ya mambo wasiyoyalipa, kabla ya kusoma bei. Mwaka 2020 mashindano ya tenisi ya Wimbledon kule Uingereza yalifutwa kwa sababu ya korona, lakini waandaaji walilipwa, kwa kuwa kwa miaka mingi walikuwa wakilipia bima iliyotaja magonjwa ya mlipuko. Wengine wengi duniani walikuwa na bima pia, ila karatasi zao hazikuutaja ugonjwa. Wewe si Wimbledon, lakini karatasi inasomwa vilevile Wimbledon na Chumbageni.

Mwisho wa shughuli ndipo mwisho wa kazi, na mwisho wa shughuli si wimbo wa mwisho. Ndani ya wiki moja mwite mteja, mweke mezani daftari, risiti na salio. Kilichobaki kwenye fungu la dharura mrudishie mwenyewe mkononi, hata kama ni elfu ishirini, hata kama hakuuliza. Nimewahi kurudisha elfu kumi na nne kwa familia moja baada ya harusi ya binti yao. Kwa miaka kumi iliyofuata hakuna shughuli ya ukoo ule iliyopangwa bila mimi kuitwa. Wapishi, vijana wa viti na walinzi walipe siku ileile. Wao ndio watakaokuja usiku wa manane utakapokuwa na shida, na hawaji kwa mtu anayewazungusha.

Najua kazi hii inataka moyo mchangamfu, nawe unao tangu ulipokuwa unapanga sherehe za wanasesere hapa barazani. Sitaki barua hii ikuzime. Watu wetu wanahitaji mtu wa kuwaandalia furaha zao, maana mtu huoa kwa shida, husomesha kwa shida, na siku ya kushangilia hutoa alichonacho chote. Ndiyo sababu nimeandika kwa ukali kidogo. Anayekupa milioni nane hajakupa fedha tu. Amekupa siku ambayo hatairudia.

Fanya hivi, mwanangu. Vile viti uza, au jikopeshe kwenye akiba yako, au niambie mimi, na zile milioni tatu zirudi kwenye akaunti kabla ya Ijumaa. Halafu mwandikie bwana harusi mkataba, umpe nakala. Halafu nenda kwenye ukumbi wa harusi hiyo mchana, peke yako, ukafungue milango yote. Ukishamaliza hayo matatu, nijibu barua hii.

Baba yako anakusalimu sana. Mungu akulinde na akubariki katika kazi ya mikono yako.

Akupendaye,
Shangazi yako